Shokapu ya mbele ilikuwa inavuja kila wiki, hivi ndo nilivyoitibu

Hii Yamaha DT125 ni ya marehemu baba, naipenda sana, sasa shokapu ya mbele kulia ikawa inavuja oili inatiririka mpaka kwenye ringi, nikikamata breki pale Ngamiani pikipiki inainama kama inapiga magoti. Nikabadilisha sili (ule mpira unaozuia oili isitoke) mara mbili, wiki haiishi inavuja tena.

Kumbe sili haina kosa. Nilifuta bomba la shokapu, lile la chuma linaloteleza ndani ya sili, nikapitisha ukucha taratibu, nikakuta vishimo vya kutu vidogo kama punje za mtama, hapa Tanga upepo wa bahari una chumvi bwana, na kila shokapu ikibonyea vile vishimo vinachana mdomo wa sili.

Kuifungua shokapu, bolti ya chini yake ilinitesa maana inazunguka pamoja na fimbo ya ndani. Dawa yake usitoe springi kwanza, acha kifuniko cha juu kimefungwa, mtu akandamize shokapu, springi itaishika fimbo na bolti italegea yenyewe. Vishimo nikaviosha kwa petroli, nikajaza gundi ya epoksi, ikalala usiku kucha, asubuhi nikasugua na msasa wa maji namba 1000 mpaka ukucha ukawa hausikii kitu.

Halafu kabla ya kuvisha sili mpya funika ncha ya bomba na kipande cha nailoni ukipake oili, ile kingo inakata sili bila wewe kujua.

Oili ya shokapu 10W (namba ya uzito wa oili), pande zote ujazo sawa, nilipima kwa sirinji. Juzi nimeenda Pangani na kurudi, bomba kavu kabisa.