Siku moja maishani mwangu: fundi wa ilimba, Mwenge

Saa kumi na moja alfajiri nimeshadandia daladala la kutoka Mbagala. Saa mbili nafungua kibanda Mwenge, kwenye vinyago. Majirani wanachonga mpingo. Mimi Mgogo natengeneza ilimba, wengi hapa mjini wanaiita marimba ya mkono.

Mpaka saa sita ni kuchimba sanduku la mbao na kufua spoku kuukuu za baiskeli ziwe vyuma bapa vya kutoa sauti. Vidole vinakufa ganzi.

Saa saba, sijamaliza hata ubwabwa wangu, akaja dada mmoja anatafuta zawadi ya bosi wake anayestaafu. Akachukua ilimba, akaidonoa kwa kucha.

"Fundi, hii mbovu. Inakoroma."

"Haikoromi dada, inavuma." Nikamwonyesha tundu nililobandika utando wa buibui, ule anaofunikia mayai. Kwetu Dodoma ilimba isiyovuma ni kama mboga isiyo na chumvi.

"Kwani hiki si kitu cha Zimbabwe?"

Nikamwambia ya Washona ni mbira, UNESCO waliiorodhesha kwenye urithi wa utamaduni 2020 pamoja na sansi ya Malawi. Hii ni ya Wagogo, ndiyo aliyozunguka nayo dunia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo 2003. Jina hilo alikuwa hajawahi kulisikia. Niliumia, siwezi kuficha.

"Basi toa buibui."

Nikatoa. Akadonoa tena: "Mbona sasa imepooza?" Nikarudisha. Akataka nipange sauti zifuate wimbo wa kwaya yao. Nikavuta chuma hiki sauti ishuke, nikasukuma kile sauti ipande, jasho linatiririka, saa nzima ikakatika. Halafu akahesabu vyuma.

"Hivi vya pembeni mbona huvigusi?"

"Havipigwi. Vingine vikipigwa, hivi vinaitikia vyenyewe."

"Sasa unanitoza vyuma visivyopigwa?" Nilisema elfu themanini, akatoa ishirini na tano. "Si mbao na chuma tu?" Akaondoka na kinyago cha twiga.

Jioni sijui hata ilikuwa saa ngapi. Nilirudisha sauti zangu moja moja, nikafunga. Daladala lilijaa, ilimba nimeipakata. Injini iliponguruma pale kwenye foleni, vile vyuma visivyopigwa vikaanza kuitikia vyenyewe, taratibu.

Konda akanigusa bega. "Mzee, simu yako inaita."