Kutembea Paris kwa miguu: vibaka wanakungoja usimame

Mtalii anayezunguka Paris mchana asiwaze sana visu na mabavu. Achunge mifuko. Vibaka wa jiji hili wanaishi kwa ile sekunde unayosimama: mlangoni mwa treni, chini ya ngazi, mbele ya mashine ya tiketi, au shingo ikiwa juu kuutazama mnara wa Eiffel. Anayetembea kwa mwendo wake akijua anakokwenda huwapa shida. Kwa hiyo ukitaka kusoma ramani, ingia dukani au egemea ukuta, ndipo utoe simu.

Mtihani wa kwanza ni uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Ukitoka na mizigo utawasikia watu wakinong'ona "taksi, taksi". Wapite. Taksi halali haimfuati abiria ndani ya jengo. Hupanga foleni nje penye alama, na ina taa juu ya paa, kijani ikiwa tupu, nyekundu ikiwa na abiria. Nauli ya kwenda mjini imepangwa na serikali: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 hadi ng'ambo ya kaskazini ya mto Seine na euro 65 hadi ng'ambo ya kusini. Hiyo ni ya gari zima, si ya kila kichwa.

Wanaochagua RER B, treni ya kutoka uwanjani hadi mjini (mwaka 2025 ilikuwa euro 13), wajihadhari na msamaria mwema wa kwenye mashine ya tiketi. Anakubonyezea, anapokea pesa yako taslimu ya tiketi kamili, kisha anakukabidhi tiketi ya mtoto au isiyo halali. Yeye hutamwona tena, na wakaguzi watakutoza wewe faini. Kila mtu awe na kadi yake ya Navigo Easy, ya kupakia tiketi, inayouzwa euro 2, maana kadi moja haiwavushi watu wawili katika safari moja. Tena uitunze mpaka utoke nje kabisa. Wakaguzi hupenda kujipanga kwenye korido za kutokea, wakati wengi wameshaanza kujisahau.

Ndani ya metro, yaani treni za chini ya ardhi, mahali pabaya ni mlangoni. Treni inaposimama kibaka anakutazama tu. Kengele ya kufunga inalia, anakupokonya simu mkononi, anaruka nje, milango inajifunga, na wewe unabaki ndani unasafirishwa hadi kituo kinachofuata. Ingia katikati ya behewa, begi la mgongoni livae kifuani, sanduku libane kwa miguu. Mstari wa 1, unaopita jumba la makumbusho la Louvre na barabara ya Champs-Élysées, na wa 4, unaopita vituo vikubwa vya Gare du Nord na Châtelet, ndiyo yenye watalii wengi, na penye watalii vibaka hawakosi. Kwenye ngazi za umeme wanafanya kazi kwa kundi: wa mbele anaangusha kitu na kuinama, foleni inakwama, wa nyuma anakubana na mkono wake uko mfukoni mwako. Ukikwama namna hiyo, jambo la kwanza ni kushika zipu. Adabu na samahani vitafuata. Kuripoti usumbufu ndani ya treni na metro, piga 3117 au tuma ujumbe kwa 31177.

Juu barabarani ujanja ni mwingi ila mbinu ni ileile: kukusimamisha. Chini ya kanisa la Sacré-Cœur, kwenye bustani ya Louise-Michel, vijana wanakufunga uzi kidoleni, wanausuka kuwa bangili isiyovuka mkono, kisha wanadai malipo. Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake wa ziada, kwa kuwa salamu yao maarufu kwa wapita njia ni "hakuna matata". Inachekesha, lakini ukijibu umesimama, na mkono wako haupo tena mfukoni. Pita ngazi za mtaa wa Foyatier, upande wa kushoto ukiwa umelitazama kanisa. Ni vidato 222, au panda kitreni cha kamba kilicho kando yake.

Karibu na Louvre ni wasichana wenye karatasi za kutia saini, eti kwa ajili ya viziwi. Karatasi inafunika mkoba wako wakati unaandika. Mbinu hiyohiyo hutumika kwenye meza za mikahawa ya nje: ramani inatandazwa juu ya simu yako, mtu anauliza njia, ramani ikiondoka simu imeondoka nayo. Kandokando ya Seine kuna mwokota pete ya "dhahabu" anayekuuliza kama ni yako. Na kwenye daraja la Iéna, mbele ya mnara wa Eiffel, utaikuta pata potea, karata tatu ya kwetu kabisa, ila hapa ni vikombe vitatu na kijipira. Wanaoshinda pale ni wenzao. Hata kutazama kuna gharama, kwa kuwa mifuko ya watazamaji nayo ina watu wake.

Magari yanaumiza kuliko vibaka, na kwa hili Mtanzania, Mkenya na Mganda wako hatarini kuliko jirani yao wa Goma au Bujumbura. Mwili wako umezoea kutazama kulia kwanza; Paris gari la karibu linatokea kushoto. Halafu kuna baiskeli, na hizo hazisikiki. Mitaa mingi ya njia moja inaruhusu baiskeli kuja kinyume, na njia ya baiskeli ya Rue de Rivoli ni pana, ya pande mbili, yenye watu wenye haraka zao. Vuka kama unavuka barabara mbili: ya baiskeli, kisha ya magari. Kwenye zebra usijitupe ukidhani watasimama. Mtazame dereva usoni.

Pasipoti, watalii wengi huambiwa waiache hotelini. Sikubaliani kabisa. Sheria ya Ufaransa inamtaka mgeni aweze kuonyesha hati zinazomruhusu kuwepo nchini, na nakala huenda isimridhishe askari. Utafiti wa 2017 wa Défenseur des droits, taasisi ya Ufaransa ya kutetea haki za raia, ulionyesha kuwa vijana wa kiume wanaoonekana kuwa weusi au Waarabu wana uwezekano mara 20 zaidi ya wengine wa kusimamishwa na polisi. Ibebe kwenye kifuko chembamba ndani ya shati, nakala ibaki chumbani. Askari wa kweli asiye na sare ana kitambulisho na huvaa kitambaa mkononi kilichoandikwa POLICE. Anayetaka umpe pochi akague kama noti zako ni bandia, huyo ni tapeli.

Usiku, epuka bustani ya Champ-de-Mars, iliyo chini ya mnara wa Eiffel, baada ya umati kuondoka, pamoja na maeneo ya Stalingrad na Porte de la Chapelle. Château Rouge, wanakokwenda wengi kutafuta vyakula vya Kiafrika, mchana hapana neno kubwa, ila simu inayouzwa barabarani pale usiiguse.

Kabla ya safari, bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI, inayoitambulisha simu yako, na uiwekee laini namba ya siri. Laini ya M-Pesa ikipotea, mtoa huduma wako apigiwe kwanza ili aifunge, halafu benki. Kisha nenda kituo chochote cha polisi (dharura ni 17 au 112) useme unataka kufungua "plainte", yaani malalamiko rasmi. Kisheria hawaruhusiwi kukurudisha kwa sababu wizi ulitokea mtaa mwingine. Usiondoke bila karatasi ya kuthibitisha. Bima ile ya viza ya Schengen, yenye kima cha chini cha euro 30,000, ni ya matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani; simu iliyoibwa haimo, isipokuwa kama ulilipia nyongeza. Kama pasipoti nayo imekwenda, viza imekwenda nayo, kwa hiyo karatasi hiyo ya polisi ndiyo ya kupeleka ubalozini kuomba hati ya dharura ya safari. Kenya na Tanzania zote zina balozi Paris. Ukiibiwa Ijumaa jioni, hesabu kwamba huenda ukangoja hadi Jumatatu, na upige simu shirika la ndege mapema.