Hanijui, Mimi Namjua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Usiku wa kuamkia Jumatano nilimfokea mke wangu. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu, tukitoka ibadani, hunishika mkono mkasema, "Mzee, wewe Mungu amekujalia moyo." Usiku ule moyo huo sikuuona. Ilikuwa saa nane, stima imepotea, feni imesimama, na joto la kaskazi limejaa chumbani. Nilikuwa nimeamka kumgeuza. Mtu asiyeweza kujigeuza hubadilishwa ubavu kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi huanza kuoza kwenye nyonga na visigino. Nikamshika bega. Mkono wake wa kushoto, ambao ndio wenye nguvu, ukanikwaruza uso. Akaliita jina la marehemu kaka yake, akamwomba aje amwondolee huyu mtu.

Huyu mtu ni mimi. Tumeoana miaka 22.

Nikapaza sauti, "Mimi ni mume wako! Hunijui?" Akajikunyata, akaanza kulia kile kilio chake kisicho na machozi. Nilimaliza kumgeuza, nikamwekea mto katikati ya magoti, nikatoka nikakaa barazani. Kwetu huku Likoni usiku ukitulia unasikia honi za meli zinazoingia Kilindini. Nikazisikiliza mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa walio wageni kati yetu: huu ni mwaka wa tatu tangu tuktuk aliyopanda mke wangu akitoka sokoni Kongowea ipinduke. Damu ilivilia ndani ya fuvu ikaubana ubongo, akapasuliwa kichwa usiku huohuo. Kuna kipimo madaktari hutumia kujua mtu amezama kiasi gani, kinaanzia 3 na kuishia 15. Yeye alipata 6. Wiki tano hakufumbua macho. Siku alipofumbua tuliimba wodini, mnakumbuka, tukadhani yamekwisha. Miezi ikapita ndipo nikaelewa kwamba macho yalikuwa yamefumbuka na safari bado iko mbele yetu.

Daktari alinieleza kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo humsaidia mtu kuzuia ulimi na mkono wake anapoogopa au kukasirika. Yake imeumia sana. Kwa hiyo ukali ule ni jeraha, kama vile mguu uliovunjika ulivyo jeraha. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo waliokuja nyumbani kukemea pepo. Walipiga kelele juu ya kitanda chake naye akitetemeka, na mimi, mzee wa kanisa, nilisimama pale nikisema Amina. Hilo nimelitubu mbele za Mungu, na leo nalitubu mbele zenu.

Pale barazani lilinijia neno la Isaya 49. Sayuni, yaani watu wa Mungu, analia kwamba Bwana amemsahau, naye Bwana anajibu: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye?" Nimelisoma andiko hili kwenye mazishi na kwenye harusi, na kila mara nilikuwa nakimbilia mwisho wake. Alfajiri ile nilikwama katikati: "Naam, hawa waweza kusahau." Bwana amekiri jambo hilo. Mama anaweza kusahau. Mama wa watoto wangu amesahau. Kitinda mimba wetu akirudi kutoka shuleni, mama yake humwita "wewe kijana", na mtoto huenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake. Mungu analijua hilo, na hakulificha katika Neno lake. Kisha anasema, "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu."

Wapendwa, agano lile halikutundikwa kwenye kumbukumbu ya Sayuni. Sayuni alikuwa amechoka, amechanganyikiwa, anamshitaki Bwana wake kwa jambo ambalo hakulitenda, na bado amechorwa kwenye viganja. Nikaitazama mikono yangu, inanuka dawa ya vidonda na mafuta ya nazi. Nikasema, Bwana, nami nilipoapa madhabahuni sikusema "maadamu utanijua". Nilisema katika afya na katika ugonjwa. Ikiwa yeye hawezi tena kulikumbuka agano letu, basi nitalikumbuka kwa niaba ya sisi sote wawili, nawe unikumbuke mimi ninapochoka. Ndugu yangu, dada yangu, wewe unayemuuguza mtu ambaye ameacha kukuita jina lako, usikubali uongo kwamba unamtumikia mgeni. Unamjua. Unajua anavyopenda chai yake, unajua wimbo uliompa machozi, unajua alivyocheka siku mlipohamia nyumba yenu ya kwanza. Hayo yote yako salama kwako, na kwa Mungu yako salama zaidi. Nenda kamwoshe. Mpake mafuta. Mwambie habari za nyumbani hata kama hajibu.

Sasa niseme na wanaonishauri, na wengine ni wa kanisa hili. Mnanivuta kando mnasema, "Mzee, bado una nguvu, tafuta mtu wa kukutunza." Najua mnachomaanisha. Mke wangu hajafa. Amelala chumba cha pili akisubiri uji wake. Maneno hayo naomba yasirudi tena mlangoni kwangu.

Na wale mnaosema "tunakuombea", ombeni, naamini maombi. Lakini someni Yohana 5. Yule mtu kando ya birika alikuwa mgonjwa miaka 38, matao yake matano yamejaa watu, na anamwambia Yesu, "Mimi sina mtu." Mwezi wa kwanza nyumba yangu ilijaa. Mwaka huu nawahesabu kwa vidole.

Anayekuja bila kukosa ni bibi Mwislamu, jirani yangu. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri anabisha hodi. "Mwanangu, nenda kaoge ulale, mimi nipo." Anamsuka nywele. Anamkalisha wima, anamlisha uji mzito kijiko kwa kijiko ili usiingie njia ya pumzi, kisha anangoja nusu saa kabla ya kumlaza. Alhamisi iliyopita nilimwambia niliyoyafanya. Hakunihukumu. Muda mfupi baadaye mke wangu akamwita, "Mama!" Bibi akaitika, "Abee, mwanangu." Nikamuuliza kwa nini anaitikia jina lisilo lake. Akasema, "Mtu akiita anataka kuitikiwa, baba."

Usiku huo, saa nane tena, mke wangu akamwita kaka yake. Nikasema, "Naam, dada. Niko hapa." Akanyamaza. Akaniachia bega lake nikamgeuza, na mkono ule wa kushoto ukatulia juu ya wangu mpaka akapitiwa na usingizi.

Ijumaa hii nina zamu ya usiku bandarini, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Naomba dada wawili wa kupokezana, na anayeweza anijulishe kabla ya Alhamisi. Nepi ziko kwenye kapu chini ya kitanda. Kichwa kiwe juu kila anapokula. Kumgeuza ni saa mbili usiku, saa nne, saa sita, hivyo hivyo mpaka asubuhi, na mto usisahaulike katikati ya magoti. Akikuita kwa jina ambalo si lako, itika.