Gurudumu la Tatu Lina Kazi Gani? Kuendesha na Kumiliki Tricity 125 Jijini London

Wengi wetu tukisikia chombo cha magurudumu matatu, picha inayokuja kichwani ni ya bajaji: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, na bodi iliyosimama wima ambayo, dereva akiingia kona kwa kasi, hunyanyua gurudumu la ndani na kutaka kupinduka upande wa nje. Skuta ninayoiendesha hapa London haina tabia hiyo hata kidogo. Yamaha Tricity 125 ina magurudumu mawili mbele na moja nyuma, na yote matatu hulala pamoja na mwendeshaji kwenye kona, sawasawa na pikipiki ya kawaida. Ninaandika kwa sababu ndugu na marafiki wanaofikiria kununua chombo cha namna hii huniuliza zaidi juu ya jambo ambalo gurudumu la tatu halilifanyi, na mara chache juu ya lile linalolifanya vizuri sana.

Swali la kwanza huwa hili: "Dada, kwa hiyo ukisimama kwenye taa huhitaji kuweka mguu chini?" Jibu ni kwamba nahitaji. Tricity 125 haina kifaa cha kufunga mitambo ya mbele isiiname, hivyo ikisimama bila mguu wala stendi huanguka ubavu kama pikipiki nyingine yoyote. Zipo skuta za jamii hii zinazoweza kufungwa zikasimama zenyewe. Piaggio MP3, iliyotoka mwaka 2006 katika kampuni ileile ya Kiitaliano iliyotuzoesha Vespa, ina kitufe cha kufunga mitambo hiyo mwendo unapokuwa mdogo sana, na mwendeshaji akabaki ameketi na miguu yote miwili juu. Kifaa hicho ni kizuri, lakini kina bei yake na kina uzito wake. MP3 zenye injini kubwa hupita kilo 200, ilhali Tricity 125, kulingana na mwaka wa kutengenezwa, ina kilo 150 hadi 170 hivi. Yamaha ilipoitangaza kwa soko la Ulaya kabla ya kuanza kuiuza mwaka 2014, ilisema bei ingekuwa chini ya euro 4,000, na waliokuwa wakitazama MP3 kubwa walikuwa wakitazama karibu mara mbili ya fedha hizo. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida anayenunua iliyokwisha kutumika, kama nilivyofanya mimi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama chombo kinanunuliwa au hakinunuliwi.

Basi gurudumu la tatu lina kazi gani? Kwanza tutazame linavyofungwa. Mbele, chini ya maplastiki, kuna mikono miwili ya chuma iliyolala sambamba, mmoja juu ya mwingine, nayo imeunganishwa na nguzo za pembeni hata ikafanya umbo la msambamba. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na shokapu mbili zilizo upande mmoja wake. Mwendeshaji anapolala kwenye kona, msambamba huo huinama pamoja naye na magurudumu yote mawili huinama kwa kipimo kilekile, na gurudumu moja linapopanda tuta au kuingia shimoni, jingine linaweza kubaki kwenye lami tambarare bila kuvuta usukani upande wowote. Mikono yangu hupokea sehemu tu ya pigo ambalo usukani wa pikipiki ungelipeleka lote.

Sasa fikiria kinachotokea mtu anapofunga breki. Uzito mwingi hukimbilia mbele. Kwenye pikipiki uzito huo hukaa juu ya kipande kimoja cha mpira chenye ukubwa wa kiganja, na kipande hicho kikiteleza, mwendeshaji huwa chini kabla hajatambua kilichotokea. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi mtu huweza kulituliza, lakini la mbele likiteleza nafasi ya kujiokoa ni ndogo mno. Tricity imeongeza mpira mahali palepale panapobeba hatari kubwa zaidi. Gurudumu la kushoto likikanyaga mfuniko wa chemba uliolowa, au majani yaliyooza ya mwezi Novemba, la kulia kwa kawaida lipo sentimita 38 hivi pembeni likiwa bado limeishika lami. Bajaji, ambayo gurudumu lake moja liko mbele, imelipanga jambo hili kinyume, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuyumba kwake inapofunga breki huku imekata kona.

Njia yangu ya kwenda kazini hutoka Barking, hupita Stratford na Bow, kisha hufuata barabara ya Mile End hadi Whitechapel. Zamu yangu huanza alfajiri, na kuanzia Oktoba hadi Machi saa hiyo ni giza, mara nyingi kuna mvua nyembamba isiyokatika, na michoro ya rangi iliyopakwa barabarani huteleza kuliko lami yenyewe. Hapa ndipo ninapoipenda skuta hii kwa moyo wote. Ninapofunga breki kwa ghafla kwa sababu ya gari lililotoka njia ya pembeni, mbele hushuka kwa utulivu na chombo kinabaki kwenye mstari wake. Ila nisimdanganye mtu: barafu iliyotanda barabara nzima, au mafuta ya dizeli yaliyomwagika kwa upana, hutelezesha magurudumu yote mawili kwa pamoja, na la nyuma ni moja tu. Siku ya barafu ninapanda treni.

Upande wa sheria una jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kwa kanuni za Ulaya, magurudumu mawili ya mhimili mmoja yaliyoachana kwa chini ya milimita 460 huhesabiwa kuwa gurudumu moja. Tricity 125 imo chini ya kipimo hicho, kwa hiyo kisheria ni pikipiki. Modeli za MP3 zilizopanuliwa zikapita kipimo hicho zilihesabiwa kuwa za magurudumu matatu, zikaweza kuendeshwa Ufaransa kwa leseni ya gari, na ndiyo sababu Paris imejaa hizo skuta pana zinazoendeshwa na watu wenye suti. Hapa Uingereza, aliye na leseni ya muda tu, yaani ya mwanafunzi, akitaka kuendesha Tricity 125 lazima kwanza apate cheti cha CBT, yaani mafunzo ya msingi ya lazima ya pikipiki, kinachodumu miaka miwili, abandike kibao chenye herufi L, asibebe abiria na asiingie kwenye motowei, zile barabara kuu za mwendo kasi. Kwa upande mwingine, pikipiki hazilipi ada ya msongamano ya katikati ya jiji, na injini ya Tricity inatimiza masharti ya hewa safi ya ULEZ, ambayo tangu Agosti 2023 yanahusu wilaya zote za London na yanawatoza wenye magari yasiyofaa pauni 12.50 kwa siku. Barabara nyingi kubwa huruhusu pia pikipiki kutumia njia ya mabasi, alimradi usome kibao kabla ya kuingia.

Injini ni ya sentimita za ujazo 125, haina gia za kubadili wala klachi ya kushika, na kwenye foleni za mjini inatosha kabisa. Kwenye mlima mrefu huchoka mapema, na anayetaka kusafiri baina ya miji atafute kitu kikubwa zaidi.

Gharama ambayo watu huisahau ni ya tairi na breki. Tairi ni tatu, breki za diski ni tatu, na fundi hutoza muda zaidi kwa kazi ya mbele kwa sababu maplastiki ya kufungua ni mengi. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huila mitambo ile ya mikono, kwa hiyo naiosha kwa maji mengi kila wiki katika miezi hiyo. Upepo wa tairi mbili za mbele lazima uwe sawa, kwani mmoja ukipungua skuta huanza kuvuta upande na mtu akadhani mitambo imepinda.

Nimeulizwa pia kama ingefaa kutumwa nyumbani Dar es Salaam. Kwa maoni yangu haifai. Pikipiki ya Boxer ikiharibika, kipuri chake kipo kwenye duka la mtaa na fundi wake yupo chini ya mwembe, lakini maungio ya mbele ya Tricity ni yake peke yake na yangesubiriwa kwa wiki nyingi. Na ndugu mwenye goti au nyonga inayouma, asiyeweza kuushusha mguu kwa haraka, atafute modeli yenye kifaa cha kufunga mitambo ya mbele, kama MP3, hata kama atasubiri zaidi kukusanya fedha.

Anayekwenda kuitazama iliyotumika aiweke juu ya stendi ya kati, amwombe mwenzake akalie nyuma ili mbele inyanyuke, kisha ashike kila gurudumu la mbele kwa mikono miwili na kulitikisa. Likicheza, maungio yamelika. Atazame kama tairi mbili za mbele zimelika kwa kiasi kimoja, azungushe kila moja asikilize kama breki inakwaruza, halafu ailaze skuta taratibu kushoto na kulia akiwa ameishika. Inapaswa kwenda laini pande zote mbili, bila kukwama katikati. Ikikwama, aiache na aende kutazama nyingine.