Kabla hujachora skrini, kaa uangalie

Kwenye kozi yetu ya dizaini inayomlenga mtumiaji kitu kilichonishika zaidi ni stori ya M-Pesa. Wakati inajaribiwa Kenya mwaka 2005 lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu, basi, lakini watu wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, na waliokuwa wanasimamia majaribio wakaliona hilo na wakalichukua kwa uzito, ndo maana ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Na ilikaa kwenye menyu ya laini, kwa hiyo mwenye kitochi naye hakuachwa. Nikiiwaza hiyo nasisimka kabisa, watumiaji ndo walioonyesha kitu kinafaa kwa kazi gani.

Kazi ya kikundi chetu ni programu ya kuandikia madeni ya wauza genge. Mwalimu akasema msichore chochote, nendeni mkakae. Basi tukaenda kukaa kwa mama mmoja hapa mtaani, na mimi macho yangu yakawa kwenye daftari lake tu. Halina majina kamili. Kuna "mama pacha nyanya 500", kuna "fundi geti jekundu", yaani anawajua watu kwa sura na kwa nyumba, afu mtu akilipa hafuti deni, anapiga mstari mmoja mwembamba juu yake ili bado lisomeke, maana keshokutwa mtu anaweza kuja kubisha na daftari ndo shahidi wake. Huo mstari ni dizaini kabisa! Kitufe cha kufuta kwake hakina kazi, tena kingemletea ugomvi na wateja.

Afu tulipomuuliza kama angependa programu ya hivyo akasema "itanisaidia sana wanangu". Angetujibu hivyo kwa chochote tungempelekea, ni ukarimu wake, huwezi kumkatisha tamaa mtoto wa mtu anayesoma. Kwa hiyo jibu lake nimeliandika lakini uzito nimeuweka kwenye ule mstari.

John Gould na Clayton Lewis, watafiti wa dizaini ya kompyuta, waliyaandika haya tangu 1985, wajue watu na kazi zao mapema, pima wakiwa wanatumia kweli, rekebisha kisha upime tena. Darasani unayakariri haraka tu ila gengeni unaona kila moja linataka uvumilivu wake.

Sasa tumechora skrini kwenye karatasi, penseli tu, na tunarudi kwake jioni, sio mchana, maana mchana panakuwa pamepoa. Jioni ndo mkono mmoja umeshika mchicha mwingine unarudisha chenji na watu watatu wanaita kwa pamoja, na mimi nataka kuona kama ataweza kuandika deni kabla mteja hajaondoka.