Tarehe Kabla ya Kuagana

Jioni hii, baada ya kuondoa vyombo, kijana tuliyempokea kwa malezi ya kambo akiwa na miaka 11 amefungua daftari la kaunta na kuandika majina ya watu anaoweza kuwapigia simu hata usiku wa manane. Juzi ametimiza miaka 18, umri ambao kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 anaacha kuitwa mtoto, na kabla hajahama hapa Morogoro kwenda Dodoma kusomea ufundi umeme nilitaka kujua anaondoka akiwa na nani.

Jina la kwanza ni la bibi yake wa Kilosa, na nililisoma huku moyo ukinisuta. Mwaka ule wa kwanza, kila alipotoka kumsalimia bibi alirudi amenyamaza, chakula hagusi, nami nikadhani namlinda kwa kuzipunguza zile safari. Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenieleza, kwa upole mkubwa, kwamba kilichomuumiza mtoto ni kuagana na bibi bila kuambiwa watakutana lini. Tangu siku hiyo hatukuagana pasipo tarehe. Namwona bado bibi katika stendi ya Msamvu, akifungua fundo la khanga na kummiminia mjukuu karanga za kukaanga: "Usizimalize, baba. Nyingine tutakula wote Pasaka." Alizitunza kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda, hadi Pasaka.

La pili ni la dada yake, aliyelelewa Iringa kwa sababu sisi tulikuwa na nafasi ya mmoja tu. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala, uliopitishwa mwaka huo huo wa 2009, unasisitiza kwamba ndugu wasitenganishwe, na wakitenganishwa wasaidiwe kuwasiliana. Msaada huo kwetu ulikuwa nauli na vocha, vitu ambavyo ningependa vihesabiwe katika mahitaji ya mtoto kama zinavyohesabiwa sare na madaftari, kwa kuwa mlezi asiye na kipato atavikata kwanza.

Mimi ni wa tatu. Wanafuata kocha wake na fundi aliyemfundisha kushika koleo, kisha mstari mtupu, ambao amesema ni wa mtu atakayempata Dodoma. Pembeni ya jina langu ameandika tarehe atakayorudi: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.