Bolti ya nne ya Beetle

Nati ilikuwa inazunguka lakini haitoki. Nimelala chini ya gari, ringi spana namba 17 imekaa barabara, nazungusha robo, nachomoa, narudisha, nazungusha tena. Nilifika mizunguko 20, nikagusa kwa kidole: nati iko palepale nilipoikuta.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969, aliloniachia baba. Alipenda kutukumbusha kwamba mwaka 1962 dereva Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za East African Safari kwa Beetle kama hii. Sikuwa tayari kuliona likiozea uani. Tatizo lilikuwa oili. Ilidondoka pale injini inapokutana na gia boksi, na nilijua chanzo ni seal, ule mpira wa kuzuia oili, iliyo nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini. Kuifikia hakuna njia ya mkato, lazima injini ishuke.

Watu husema injini ya Beetle inashuka kwa bolti nne tu. Ni kweli. Wasichosema ni zilipo. Mbili za chini unaziona ukilala chini ya gari, nati zake zinaelekea nyuma, unazifungua bila shida. Mbili za juu zimejificha nyuma ya kasha la feni, katikati ya kasha hilo na ukuta unaotenga injini na kiti cha nyuma. Jicho halifiki huko. Unaingiza mkono, na vidole ndivyo vinavyokueleza kilichopo.

Kabla ya yote nilitoa waya wa betri, ambayo kwenye Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Hili silifanyii mzaha. Bolti ya juu upande wa kulia inapita kwenye stata, na waya mnene wa stata una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa waya huo na bodi kwa pamoja, utaona cheche ambazo hutazisahau. Kisha nikatoa mpira wa petroli na kuuziba, waya wa mafuta wa kabureta (ule unaovutwa na pedali), nyaya za dainamo na koili, na waya za hita kule chini.

Bolti ya juu kushoto ilinichukua nusu saa. Nati yake iko upande wa injini, kwa hiyo nilipitisha mkono kando ya kasha la feni hadi nikaipata. Nilikuwa nimeimwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku wa jana yake, na hapa Tanga, pamoja na chumvi ya bahari, usiku mmoja ni mchache. Siku mbili ni bora. Spana nilikuwa nimeifunga kamba kwenye kifundo cha mkono. Ikiponyoka inaangukia kwenye mabati ya injini, na kuitafuta kule ni kazi nyingine mpya.

Ikabaki ile ya kulia. Kiwandani waliifikiria vizuri sana. Bolti hiyo ina kichwa kilichokatwa upande mmoja, kinafanana na herufi D. Inaingizwa kutokea upande wa injini, ule upande bapa unaegemea kwenye kizimba cha injini, yaani bodi yake ya chuma, bolti haiwezi kuzunguka. Wewe unakaa chini ya gari, unafungua nati upande wa stata, huhitaji mtu wa kushika nyuma. Basi kwa nini yangu ilikuwa inazunguka?

Nilipanda juu, nikapitisha mkono upande wa kulia hadi mishipa ikauma, nikakipapasa kichwa. Kona moja, mbili, tatu, hadi sita. Haikuwa D. Aliyewahi kuishusha injini hii zamani alipoteza bolti yake, akaweka ya kawaida ya milimita 10. Kichwa cha kawaida ni kidogo, hakifiki kwenye kizimba, kwa hiyo hakuna kinachokizuia. Ilinikasirisha, maana kazi hiyo ililipiwa.

Fundi jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu sana, alikuja kuangalia. Akashauri tuikate nati kwa gesi kutokea chini. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, lakini hapo naogopa." Kizimba cha injini ya Beetle ni cha aloi ya magnesiamu, na madini hayo yakishika moto hayazimiki kwa maji. Tena petroli iko karibu. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi tafuta nafasi, usitafute nguvu." Nikalishika neno hilo.

Nafasi ilikuwa kwenye kasha la feni. Nilitoa mkanda, nikalegeza bangili inayoshika dainamo, nikafungua skrubu mbili za ubavuni, nikachomoa kale kabomba kanakopitisha waya wa mafuta. Kasha likapanda pamoja na dainamo yake, labda sentimita saba, nikaliwekea kipande cha mbao lisirudi. Sentimita saba ni nyingi sana kwa mkono uliokuwa unapita kwa kukwaruzwa.

Hata hivyo ringi spana yangu ilikuwa ndefu mno, inagonga ukuta kabla haijakaa. Nilipeleka spana kuukuu ya 17 kwa fundi wa kuchomelea, akaikata ibaki kama urefu wa kidole, akaipasha moto na kuikunja shingo. Iliniuma kuiharibu spana nzima, lakini leo ndiyo ninayoithamini kuliko zote sandukuni.

Mkono wangu, pamoja na nafasi yote hiyo, ulifika bila nguvu ya kubana. Aliyefika ni binti yangu wa miaka 13. Nilimweleza kichwa kilipo, nikamwonyesha kwenye bolti nyingine mezani jinsi spana inavyokaa. Alifumba macho, akapapasa. "Baba, imeingia." Nikamwambia aache mpini wa spana uegemee ukutani, asishindane nao, atoe vidole vyake pembeni. Nikalala chini, nikavuta. Kukawa na mlio mkavu, kama kijiti kinavyovunjika, na kwa mara ya kwanza nati ikaanza kutembea kwenye uzi.

Tuliweka jeki chini ya injini ndipo nikafungua zile mbili za chini, maana injini ina uzito wa zaidi ya kilo 100 na haifai kuning'inia kwenye shafti ya gia boksi. Ilirudi nyuma, ikashuka. Seal ilikuwa imekauka kama ganda.

Bolti ya D sikuipata Tanga. Niliagiza Dar es Salaam, ikaja na basi baada ya siku nne, na injini haikurudi hadi ilipofika. Nilimpa binti yangu aiweke mwenyewe. Alihakikisha upande bapa umeegemea, akanipigia ukelele kutoka juu, nami nikakaza nati kutokea chini huku yeye akiwa ameshatoa mkono na kwenda kunawa.